Anaumwa Kidogo, Njoo

Pale mtaani Msamala, Theodosia Mapunda akifunika cherehani yake wakati jua bado liko juu, watu wanaanza kuulizana nani kafa. Yeye ni fundi nguo, anashonea barazani kwa kaka yake, sare za shule na magauni ya kwaya, na cherehani yake haipumziki mchana hata mvua inyeshe vipi. Kwa hiyo akiifunika, akachukua simu yake ya kitochi na kuzunguka nyuma ya nyumba kwenye migomba, jirani wa kushoto anazima redio. Wa kulia anaanza kuosha masufuria makubwa. Hakuna anayemfuata kumuuliza kitu, maana majibu yatakuja yenyewe.

Kazi yake nyingine, ile isiyo na mshahara, ni kuwaita watoto wa watu waje kuzika. Na huku kwetu mtu haitwi kuzika, anaitwa kuja kumwona mgonjwa. Mama yako amelala chumbani, wanawake wameshamwosha na kumfunga kidevu, lakini wewe uliyeko Mbeya au Makambako utaambiwa mama anaumwa kidogo, njoo. Ukifika nyumbani ukaona turubai na viti, watu watakushika mikono huku na huku, ndipo utakapoambiwa. Ndivyo tunavyofanya, na anayetuona waongo basi, aendelee na safari zake.

Alipewa kazi hiyo na jumuiya yetu ya kanisa baada ya yale ya Thadei. Thadei alikuwa fundi umeme kule Mbinga. Mama yake alipofariki, binamu mmoja mwenye kiherehere cha ukweli alimpigia akamwambia palepale, mama amekufa. Thadei alikuwa kwenye pikipiki, simu kaibana ndani ya helmeti, akaiacha barabara akaingia shambani kwa watu. Mguu ulipona, lakini mama yake alizikwa yeye akiwa wodini, mguu umening'inizwa juu, na mpaka leo ukimtajia mazishi hayo anainuka anaondoka. Wiki ileile mzee Polikarp, mwenyekiti wa jumuiya, alisimama baada ya rozari akasema simu za namna hii sasa zipigwe na mtu mmoja mwenye sauti. Wote wakamgeukia Theodosia.

Sauti alikuwa nayo kweli. Haikutetemeka wala haikuwa na haraka. Alianza na salamu, akauliza mvua za huko, akauliza watoto wanaendeleaje na shule, kisha akasema, "Sasa baba, mama yako hapa anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, njoo." Ile ukipata nafasi ndiyo iliyokuwa inawamaliza watu. Upande wa pili mtu alinyamaza, akameza mate, halafu akajibu kwa adabu ileile, "Haya shangazi, mwambie apone." Kisha, "Turubai lipo, au nije nalo?"

"Lipo, baba."

Na hakuna hata mmoja aliyewahi kushangaa kwamba mgonjwa wa malaria anahitaji turubai.

Kila Kwaresima Theodosia alilipeleka jambo hili kwenye kitubio, kwa Padre Aidan, maana amri ya nane aliijua na hakutaka kufika mbinguni akaanza kubishana. Mara ya kwanza padre alimuuliza ni uongo gani. Akasema, wa msiba, Baba. Padre akauliza, wale unaowaambia, wanaamini?

"Hawaamini, Baba."

"Hata mmoja?"

"Wanakuja na nguo nyeusi."

Padre Aidan akauliza, "Sasa hapo aliyedanganywa ni nani?" Kisha, kwa tahadhari, akampa rozari moja ya kusali. Mwaka uliofuata walirudia maneno yaleyale, na uliofuata tena, mpaka padre akawa anampa ile rozari kabla hajamaliza kueleza.

Kaka yake Fransisko hakuwa na tahadhari za namna hiyo. Huyu alikuwa katekista mpaka magoti yalipomgomea, na kwake uongo ulikuwa uongo, uwe wa msiba uwe wa harusi. Aliwahi kumwambia bibi harusi, mbele ya wazazi wake, kwamba gauni halijamkaa. Gauni lilikuwa limeshonwa na Theodosia. Dada mtu alinuna mpaka Pasaka, na Fransisko hakuelewa amekosa nini, kwa sababu gauni kweli lilikuwa halijakaa.

Kwa ukweli huohuo alimpoteza binti yake. Careen alikuwa mtoto wake wa pekee, mama yake alikwisha fariki angali mdogo, na Theodosia ndiye aliyemlea. Alipokua alipata kazi kwenye duka la pembejeo huko Tunduru, akakutana na Bashiru, mkulima wa korosho wa Namasakata, kijana mpole anayeongea kwa zamu. Wakaoana kwa ndoa ya Kiislamu, naye akaitwa Zuhura. Fransisko alipopigiwa simu kupewa habari, alisema yeye hana binti anayeitwa Zuhura. Kwa alivyoliona yeye, huo ulikuwa ukweli mtupu, jina hilo hakulitoa yeye. Careen akakata simu. Miaka ikaenda, akazaliwa mtoto wa kiume, Jumanne, na babu yake akasikia habari hizo sokoni kama watu wanavyosikia bei ya mahindi.

Halafu kikaja kipupwe kimoja kikali, kile cha kuvaa sweta mbili, na Fransisko akaanza kuvimba miguu. Ni moyo, walisema hospitali, wakampa dawa na kumrudisha nyumbani. Akawa anashinda barazani karibu na cherehani, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anaangalia wapita njia. Siku moja, bila kumwangalia dada yake, akasema, "Mpigie yule."

"Yule nani?"

"Unamjua. Mwambie naumwa. Ukweli tu, Theodosia, usiongeze wala usipunguze. Mwambie naumwa, nataka kumwona."

Theodosia akafunika cherehani. Jirani wa kushoto akazima redio. Alizunguka nyuma kwenye migomba, akapiga, akasalimia, akauliza habari za korosho, akauliza mtoto. Kisha akasema kama alivyotumwa, "Baba yako anaumwa, mwanangu. Njoo."

Kisha sauti ndogo, "Anaumwa... kidogo?"

Sasa hapa nisimtetee. Sentensi aliyotakiwa kuisema ilikuwa tayari mdomoni: yu hai, amekaa barazani, ndiye aliyenituma. Ilikuwa sentensi fupi na salio lilikuwepo. Lakini alimjua Careen, alimlea kwa mikono yake, na alijua huyo ana kichwa cha baba yake. Akisikia mzee yu hai, atauliza kwa nini hakupiga mwenyewe, na atabaki Namasakata na hasira zake. Kwa hiyo Theodosia alitumia sauti ile ya siku zote.

"Anaumwa, mwanangu. Ukipata nafasi, njoo."

Akasikia mtu anaanguka chini, na Bashiru akiuliza kuna nini. Akakata simu, akarudi kwenye cherehani.

"Umemwambia ukweli?" Fransisko akauliza.

"Neno kwa neno."

Walifika kesho yake mchana, na hawakufika wawili. Watu wa Tunduru wanazika mapema, hawana mambo ya kusubiri, kwa hiyo walikuwa wamekodi gari na kukimbia. Alishuka Bashiru, akashuka mama yake, Bi Mwamvua, wakashuka wanawake wengine na mikeka, wakashusha mchele na mbuzi. Careen alikuwa ameanza kulia tangu kona ya barabara. Aliingia uani ameinamisha kichwa, kanga usoni, hamwangalii mtu.

"Baba yangu weee! Umeondoka hujamshika Jumanne! Nilikuwa nangoja unipigie, baba, nilikuwa nailalia simu! Sasa nimkasirikie nani mimi?"

Fransisko alikuwa palepale barazani, miguu kwenye beseni. Alikuwa mtu wa adabu, na kumkatisha mtu anayelia msiba si adabu, kwa hiyo alinyamaza. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na yeye anaangalia mbele kama yuko kanisani.

Bi Mwamvua ndiye aliyemwona kwanza. "Asalaam aleikum, mzee," akasema kwa mazoea, kisha akamgeukia Theodosia, akashusha sauti. "Na huyu baba ndiye nani?"

"Ndiye marehemu," Theodosia akajibu, kabla hajajisahihisha.

Bi Mwamvua akakaa chini, bila mkeka. Careen akainua kanga. Aliangalia beseni, akaangalia miguu, akapanda mpaka usoni, na pale uani mbuzi akasikika anatafuna. Kisha akamgeukia shangazi yake.

"Umesema anaumwa!"

"Anaumwa," akasema Theodosia. "Muulize."

"Naumwa," akasema Fransisko.

"Ningejua yu hai nisingekuja!" Careen alipiga kelele hizo mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia. "Wallahi nisingekuja!"

"Najua," baba yake akasema. Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini umeshakuja. Na huyo mgongoni ndiye Jumanne? Hebu mlete nimwone, mama Jumanne."

Mama Jumanne. Alikuwa ameitafuta njia hiyo siku nyingi, mwenyewe alikiri baadaye, jina lisilo la ubatizo wala la msikitini, ambalo angeweza kulitamka bila kusema uongo. Careen alisimama akipambana na uso wake. Mwisho alifungua mbeleko, akamweka mtoto kwenye mapaja ya babu, na mtoto akaingiza mguu kwenye beseni. Bashiru, aliyekuwa bado ameshika kamba ya mbuzi, aliuliza kwa upole sasa huyu tumfanyeje. Wakamchinja, maana alikwisha fika. Watu waliokuja kuzika walikula pilau na marehemu, na Bi Mwamvua alicheka mpaka akaomba maji.

Theodosia hakungoja Kwaresima. Jumamosi hiyohiyo alikuwa kwa Padre Aidan.

"Nimesema ukweli, Baba, nikadanganya."

"Rudia," akasema padre.

Akarudia. Padre Aidan akauliza kama mtu alidhurika. Akasema hapana, wamepatana. Akauliza kama neno lolote alilosema halikuwa kweli. Akasema yote yalikuwa kweli. "Basi sijui nikuondolee nini," padre akasema kwa uchovu, akampa rozari mbili.

Toka siku hiyo simu ikawa inalia pale barazani kila baada ya Magharibi. Careen hakuuliza baba hajambo. Aliuliza, "Marehemu kala?" Fransisko, mtu ambaye hajawahi kukubali utani maishani mwake, aliichukua simu akajibu, "Kala, ila anasema korosho zimekwisha." Alizipenda zile za kukaanga nyumbani, zenye madoa meusi ya moto. Jumanne aliwekewa simu sikioni apumue, na babu yake alisikiliza ile pumzi huku ameifumbata simu kwa mikono miwili kana kwamba anasali. Careen aliahidi kuja akimaliza kuokota korosho, na kumletea mpya.

Novemba, mvua za kwanza zilipopiga bati, Fransisko aliamka asubuhi akaomba uji. Theodosia aliukoroga, akaupooza kwa vikombe viwili, alivyokuwa anapenda. Alipouleta, kaka yake alikuwa amekwisha ondoka, kichwa kimeegemea ukuta, kama mtu aliyechoka kungoja. Alikaa naye kitandani na kikombe mkononi mpaka uji ukaganda juu. Alilia kwa sauti kubwa, yeye aliyewaliza watu wa mikoa yote bila kutetemeka, na majirani wote wawili walisikia, na safari hii hawakusubiri afunike cherehani.

Wanawake wa jumuiya walimwosha mzee, wakamvalisha shati lake la ukatekista. Mzee Polikarp akamfuata Theodosia barazani. "Niachie mimi hiyo ya Tunduru, mama. Wewe leo ni mfiwa."

"Hapana. Huyo ni wa kwangu."

Akafunika cherehani. Akaenda kwenye migomba, iliyokuwa inadondosha maji. Akapiga, akasalimia, akauliza korosho. Ya mtoto hakuuliza, kwa sababu alimsikia.

"Baba yako anaumwa, mwanangu. Njoo."

Careen hakunyamaza wala hakumeza mate. Aliuliza palepale, kama mtu anayeuliza bei, "Anaumwa kama siku ile, shangazi, au anaumwa kwa lugha yako?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza waziwazi hivyo. Miaka yote hiyo, simu zote hizo, mjini na vijijini, kila mtu alipokea alichopewa na kwenda kupanga nguo. Theodosia akashika mgomba. Nyuma ya sauti ya Careen alisikia pikipiki inaunguruma, na Careen akimwambia mtu subiri kaka, nakuja. "Nilikuwa natoka kwenda barabarani, shangazi, Bashiru yuko ghalani na korosho, niko peke yangu na Jumanne mgongoni. Sema basi, maana bodaboda ananingoja."

Alimfikiria Thadei. Alifikiria tope la Novemba kutoka Namasakata, na kijana wa bodaboda asiyejua amebeba nini. Akafikiria basi, siku nzima, mtoto amelala mapajani, mama anaangalia nje. Hasira ilimpanda, sijui juu ya nani, juu ya Mungu labda.

"Kama siku ile," akasema. "Yuko hapa barazani. Miguu iko kwenye beseni." Beseni aliliongeza mwenyewe, hakulazimishwa.

Careen akacheka, akashusha pumzi yote. "Alhamdulillahi. Umenitisha! Nakuja na korosho zake, nilishakaanga. Mwambie marehemu asife kabla sijafika."

"Nitamwambia."

Alirudi ndani. Wanawake walikuwa wanaimba taratibu, wakampisha. Akapiga magoti pembeni ya kaka yake, yeye mwenyewe ambaye magoti nayo yalishaanza kukataa, akamwinamia sikioni. "Kaka," akasema, "mama Jumanne anasema usife kabla hajafika." Wanawake wakadhani majonzi yamemzidi, wakamshika mabega. Akawaambia wamwache, ametumwa.

Mchana wote watu walikuja wakimpa pole, na mzee Polikarp akamuuliza mtoto wa marehemu anajua? Theodosia akasema hajui. "Hajui kabisa?" Hajui kabisa, akasema. Mzee alimtazama kana kwamba amevunja kitu ambacho hakina fundi.

Jioni alikwenda stendi mwenyewe. Mpango ulikuwa ule wa siku zote, kumpokea, kumleta mpaka nyumbani, kumkabidhi kwa wanawake wamshike. Alikuwa amevua kanga ya msiba akaikunja kwenye mfuko wake wa mkononi. Basi la Tunduru lilipoingia, Careen alikuwa wa tatu kushuka, mtoto mgongoni, mfuko wa korosho kichwani, na kondakta akamshushia jogoo aliyefungwa miguu. Alikuwa na uso wa mtu aliyesafiri vizuri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Kulikuwa na majibu mengi. Alikuwa na sauti ya kuyasema, na nyumbani hapakuwa mbali.

"Hakusema kitu," akasema Theodosia.

Careen akashusha mfuko kichwani taratibu, akauweka chini. Aliangalia mikono ya shangazi yake, kisha mfuko alioushika shangazi, pale pembe ya kanga ilipokuwa inachungulia. Watu waliwapita huku na huku na mizigo yao.

"Umenidanganya," akasema.

Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. "Ndiyo, mwanangu. Nimekudanganya."

"Njia nzima nimekuja nacheka, shangazi! Nilimwambia kondakta nampelekea marehemu korosho. Nimemwambia basi zima!" Akaweka kiganja mdomoni, na Theodosia akamshika, akamkalisha juu ya mfuko wa korosho, akakaa chini kwenye tope pembeni yake. Walilia palepale stendi, bila turubai. Jumanne akaamka naye akalia, asijue ni nini.

Ilichukua muda. Kondakta aliyekuwa ameambiwa habari za marehemu alikuja, akasimama, akamwokota jogoo na kuwashikia bila kuuliza.

"Ulimwambia kweli?" Careen akauliza mwisho, sauti imekwisha. "Au hilo nalo ni hivyohivyo?"

"Nilimwambia. Niliingia ndani nikapiga magoti, nikamwambia sikioni. Neno kwa neno."

Careen akafikiri. Kisha akafungua mbeleko. "Haya, mshike huyu," akasema, akampa mtoto. Akatoa ile kanga kwenye mfuko wa shangazi yake, akajifunga kiunoni, akajitwika korosho, na wakaanza kutembea kwenda nyumbani.